Kuwarudisha Watu Wako Uwanjani Wakati wa Mlipuko: Mwongozo kwa Viongozi wa Mashabiki wa Lubumbashi

Mwongozo huu nimemwandikia mtu mmoja hasa: yule anayeshika daftari la kikundi. Anayekusanya michango, anayetafuta basi, anayejua ngoma imelala kwa nani na bendera iko kwa nani. Klabu ina madaktari wake na polisi wana amri zao. Wewe una watu 40 au 60 wa mtaa wako, na mama zao wanakujua kwa jina. Ugonjwa ukiingia katika kikundi, wewe ndiye watakayekuja kumuuliza.

Tuanze na tulichokiona wenyewe. Machi 2020, mtu wa kwanza alipokuwa amekwisha kupatikana na korona Kinshasa, serikali ilipiga marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 na viwanja vikafungwa. Ligi ya taifa haikumalizika, klabu yetu ya Mazembe ikatangazwa bingwa bila mechi zote kuchezwa. Baadaye mpira ukarudi, lakini majukwaa yakabaki matupu. Je, mashabiki walikaa nyumbani? Hapana. Walijazana kwenye vyumba vya televisheni, watu 50 mahali pa watu 15, madirisha yamezibwa ili mwanga usiharibu picha, kila mmoja akipiga kelele usoni pa mwenzake. Tulifunga mahali penye upepo tukakimbilia mahali pasipo na hewa.

Kwa hiyo sitakwambia uwanja ni mahali pabaya. Jukwaa la wazi, watu wakikaa kwa nafasi, ni salama kuliko chumba cha video cha Katuba au Kenya, mitaa yetu hapa Lubumbashi. Hatari kubwa iko pembeni ya mechi: ndani ya basi, mlangoni, kwenye baa baada ya kipenga. Mpira ni dakika 90, lakini siku ya mechi ni saa saba au nane. Mwongozo huu ni wa hizo saa nyingine.

1. Jua kwanza ni ugonjwa gani

Hapa wengi wanakosea. Wanasikia neno mlipuko, wananunua barakoa, wanaona kazi imekwisha. Barakoa, au kashene kama wengi wetu tunavyoita, inasaidia dhidi ya korona kwa sababu korona inapita kwenye pumzi. Kipindupindu hakijali kashene: kinapita kwenye maji, chakula na mikono michafu. Mpox, ambayo Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya kimataifa huku nchi yetu ikiwa imeathirika kuliko zote, inapita hasa ngozi kwa ngozi, na kwa nguo au mashuka yaliyoguswa na mgonjwa. Ebola inapita kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu.

Nenda kituo cha afya cha eneo lako, uliza maswali matatu: ugonjwa huu unapitaje, dalili zake zinachukua siku ngapi kuonekana, na mtu aliyeshukiwa apelekwe wapi. Andika majibu ukurasa wa kwanza wa daftari. Kama ni Ebola na iko mjini mwetu, funga daftari. Hakuna mechi ya kupeleka watu, hata kama ni dabi.

Ujue pia idadi iliyoruhusiwa. Kwenye Kombe la Afrika lililochezwa Kamerun Januari 2022, viwanja viliruhusiwa kujaa asilimia 60, na asilimia 80 wenyeji walipocheza. Shabiki alitakiwa kuonyesha cheti cha chanjo na kipimo. Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo una nafasi ya watu 18,000 hivi. Ikisemwa nusu, hesabu ujue: watu 9,000 wataingia, na wengine wengi watakuja wakitumaini kuingia. Hao wa pili ndio wanaotengeneza msukumano, na nitawarudia hapa chini.

2. Andika majina

Kila anayekwenda aandikwe: jina, simu, amesafiri na nani, amekaa upande gani wa jukwaa. Hii si kazi ya kipolisi. Mtu akipatikana na ugonjwa siku ya nne, timu ya afya itataka kujua alikuwa na nani, na kumbukumbu za mashabiki baada ya ushindi hazina msaada wowote. Wenzetu wa Goma walijifunza hili mwaka 2019, Ebola ilipofika mjini kwao. Kila aliyemkaribia mgonjwa alifuatiliwa siku 21. Pasipo orodha, kazi kama hiyo haiwezekani.

Waambie watu wako wazi kwamba orodha haitapewa mtu yeyote isipokuwa wahudumu wa afya, na kwamba itachomwa muda wa ufuatiliaji ukiisha. Halafu timiza ahadi hiyo, la sivyo mara ya pili watakupa majina ya uongo.

3. Amua nani abaki nyumbani

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu inagusa heshima.

Wagonjwa kwanza. Hapa kwetu mtu akipata homa anasema, "Ni malaria tu, nimezoea." Huenda ni kweli. Lakini homa ya malaria na homa ya korona hazina rangi tofauti. Weka kanuni moja isiyo na mjadala: mwenye homa, kikohozi kipya, kuharisha, au vipele visivyoeleweka, haendi mpaka amepimwa. Malaria inapimwa kwa tone la damu kidoleni, na jibu linatoka ndani ya nusu saa. Kipimo kikionyesha hana malaria na homa bado ipo, hapo ndipo pa kuogopa zaidi, na aseme hivyo kwa muuguzi. Anayebaki nyumbani kwa sababu hii arudishiwe pesa yake ya tiketi kutoka mfuko wa kikundi. Ukimnyima, mwezi ujao ataficha homa yake, na wengine nao watajifunza kuficha.

Halafu wazee. Korona iliwaua wazee kuliko vijana, na wenye kisukari na shinikizo la damu kuliko wengine. Sasa nenda ukamwambie mzee aliyeanza kushangilia wakati klabu ikichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968 kwamba leo asije. Mimi nilikwenda kwa mmoja wa wazee wetu nikamwambia, "Papa, mechi hii tunakuomba utusikilizie kwenye redio." Akanitazama kwa muda mrefu. "Mimi nilikuwa uwanjani kabla baba yako hajaoa," akasema. Sikubishana. Nilimwomba anisaidie kazi moja: mapumziko yakifika nitampigia simu, na yeye atuambie ametusikia tukiimba au hatukusikika. Alikubali. Mapumziko yalipofika simu yake ilikuwa imenitangulia.

Mzee usimkataze tu. Mpe kazi. Na uende mwenyewe kumwambia, usimtume kijana na usimwandikie ujumbe kwenye simu.

Kama kuna chanjo ya ugonjwa huo, panga siku moja kikundi chote mwende pamoja kituoni. Watu waliosita mmoja mmoja hupata moyo wakiwa kumi.

4. Safari

Tarehe 19 Februari 2020, Atalanta ya Bergamo ilicheza na Valencia mjini Milano. Zaidi ya watu 40,000 walijaa uwanjani, wengi wao wametoka Bergamo, mwendo wa kilomita 50 hivi, kwa mabasi, treni na magari. Wiki chache baadaye Bergamo ikawa inazika watu wengi hata magari ya jeshi yakabeba majeneza. Daktari mmoja wa huko aliiita mechi ile bomu. Walikumbatiana kila bao, na Atalanta ilifunga manne, lakini wamesafiri pia wamebanana, na wamekunywa pamoja kabla na baada.

Sasa fikiria basi letu dogo kutoka Ruashi: watu wanne kwenye kiti cha watatu, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi, wote wanaimba. Dakika 40 humo ndani ni mbaya kuliko kipindi chote cha kwanza jukwaani.

Kwa hiyo, anayeweza kutembea atembee. Kutoka Kenya hadi Kamalondo ni karibu, na hata kutoka Katuba vijana wanafika. Msafara wa miguu wenye ngoma na bendera barabarani ni mzuri kuliko basi lolote, na upepo unapita bure. Wanaotoka mbali, Ruashi au Annexe, wakodi basi lenye nafasi zaidi, madirisha yote wazi, kashene usoni, na nyimbo zisubiri mpaka mshuke. Najua hili la mwisho linauma. Badala yake ngoma ipigwe na watu wapige makofi. Gharama itapanda, maana mwenye basi anahesabu viti vitupu. Ligawanyeni deni hilo wote, pamoja na wanaotembea. Asipande mtu juu ya paa la basi: wakati wa mlipuko wodi zinahitaji vitanda kwa wagonjwa.

Watu walewale waliokwenda pamoja ndio warudi pamoja. Usiruhusu kubadilishana magari njiani.

5. Mlangoni

Kama utasoma hatua moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Tarehe 11 Mei 2014, watu 15 walikufa kwa kukanyagana kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, siku klabu ya V.Club ilipocheza na Mazembe. Tarehe 24 Januari 2022, watu wanane walikufa kwenye lango la uwanja wa Olembe, Yaoundé, kabla ya mechi ya Kamerun na Komoro. Hiyo ndiyo mechi ambayo Komoro ilimweka beki golini, kwa sababu makipa wake walikuwa wameumia au wametengwa kwa korona. Dunia yote ilizungumzia virusi siku ile, na kilichoua watu kilikuwa lango.

Ukaguzi wa mlipuko unapunguza kasi ya mlango. Zamani mlinzi alichana tiketi tu. Sasa kuna kupima joto, kunawa mikono, kuangalia cheti, na kila kitu kinaongeza sekunde. Sekunde 20 kwa mtu mmoja zikizidishwa kwa watu 3,000 wa lango moja ni zaidi ya saa 16, kama kuna njia moja tu ya kupita. Hata zikiwa njia nane, ni zaidi ya saa mbili. Watu wa nyuma hawajui kinachoendelea mbele, wanasikia kelele ya timu kuingia, wanasukuma. Hapo magonjwa yote mawili yanakutana, la pumzi na la msongamano.

Fanya hivi:

Tiketi zote zinunuliwe kabla ya siku ya mechi, na kila mtu awe na yake mkononi. Asije mtu wa "nitaona nikifika".

Fikeni saa mbili na nusu kabla ya mpira kuanza, na mwingie mara milango ikifunguliwa. Ni muda mrefu wa kukaa juani, ndiyo. Bebeni kofia na maji.

Gawa kikundi katika mafungu ya watu kumi, kila fungu na kiongozi wake. Mafungu yasiingie kwenye foleni kwa pamoja; la pili lisubiri mbali, mahali pa wazi, mpaka la kwanza lipite. Viongozi wa mafungu wapigiane simu. Kama kuna lango la pili, mtume kijana mmoja akaangalie kabla hamjachagua.

Watoto na akina mama wawe katikati ya fungu, kamwe wasiwe kwenye ukuta au kwenye uzio wa chuma. Anayebanwa apandishe mikono mbele ya kifua kama bondia, ili mbavu zipate nafasi ya kupumua, aende na mkondo wa watu kwa mshazari kuelekea pembeni, wala asipigane nao. Kitu kikianguka, simu hata iwe mpya, asiiname.

Ukiona foleni haitembei kwa dakika kumi na nyuma watu wanaongezeka, toa watu wako. Usisubiri amri ya mtu. Ukisikia lango limefungwa, geuzeni wote mkiwa bado mnaweza kugeuka. Mwaka mmoja niliwarudisha nyumbani watu 30 wenye tiketi halali mkononi. Walinikasirikia wiki nzima, na mmoja hakunisalimia mpaka Pasaka. Ningefanya tena vilevile.

Kipima joto kikimkataa mwenzenu, asiachwe peke yake barabarani. Akae kivulini dakika kumi, maana jua la Oktoba linapandisha joto la ngozi, apimwe tena. Akikataliwa mara ya pili, mtu mmoja amsindikize, wakiwa wamevaa barakoa wote wawili. Ndiyo maana kila fungu liwe na msindikizaji aliyechaguliwa mapema, ambaye anajua kwamba huenda asiione mechi.

6. Jukwaani

Kaeni kama mlivyosafiri, fungu kwa fungu, kiti kimoja wazi kati ya mtu na mtu ikiwezekana. Barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu. Mtu abebe mbili, kwa sababu anayeimba huilowesha kwa mate na jasho, na ikilowa hupumui vizuri wala haizuii sana.

Ngoma ipigwe bila wasiwasi. Tarumbeta na vuvuzela zinapuliza pumzi mbali, kwa hiyo mpulizaji asimame safu ya mbele, akielekea uwanjani, na chombo chake kisipite mdomo hadi mdomo. Wanaojipaka rangi mwilini, kila mmoja na brashi yake. Kama mlipuko ni mpox, msipakane kabisa wala msibadilishane jezi.

Bao likiingia watu watakumbatiana. Nimejaribu kukataza, haikataziki kwa maneno. Lililosaidia kwetu ni kuwapa kitu kingine cha kufanya, mkikizoeza kabla: vitambaa juu, ruka mahali pako, makofi matatu. Kipa wa Mazembe, Kidiaba, alitembea kwa makalio mbele ya dunia nzima mwaka 2010, na hakumshika mtu. Shangwe yetu wenyewe inatuonyesha kwamba furaha haihitaji mikono ya mtu mwingine.

Kuna mvua. Kuanzia Novemba mpaka Machi inashuka ghafla, na jukwaa lote linakimbilia chini ya paa. Dakika moja tu, nafasi zote mlizopanga zimekwisha. Kila mtu aje na koti la plastiki au hata mfuko mkubwa wenye tundu la kichwa, alowe akiwa mahali pake.

7. Kula, kunywa, kunawa

Maji kila mtu na chupa yake, yenye jina. Munkoyo wa kikombe kimoja kinachozunguka, hapana, hata kama muuzaji ni shangazi yako. Michopo, nyama yetu ya kuchoma, ikiwa moto kutoka jikoni haina tatizo. Tatizo ni mkono unaoishika. Beba kidumu cha lita 20 na sabuni, maana bomba la choo cha uwanja likikauka mapumziko ndiyo mwisho wa kunawa. Kunawa kwa sabuni kuwe kwa sekunde 40 hivi. Dawa ya mikono ya alkoholi itumike tu kama ina asilimia 60 au zaidi.

Ngoma, mipini ya bendera na viti vya basi vifutwe kwa javeli, ile dawa ya klorini. Kama chupa inasema asilimia 5, changanya kikombe kimoja cha javeli na vikombe 49 vya maji, siku hiyohiyo, na usichanganye na kitu kingine chochote.

8. Kutoka, na baada ya kutoka

Kipenga kikilia, kaeni. Dakika 20, imbeni mahali penu, mshinde au mshindwe, mpaka ngazi ziwe wazi. Kutoka hakuna haraka yoyote ile.

Baa ndiyo inayonipa hofu. Kwa zaidi ya saa nne umewalinda watu wako kwenye upepo, halafu wanaingia kwenye chumba chenye muziki mkubwa ambamo mtu lazima amsogelee mwenzake sikioni ili asikike. Tafuteni uwanja wa nyumba ya mmoja wenu, viti nje, kila mtu chupa yake. Kama mmefungwa, waruhusu waende nyumbani mapema. Siku hiyo hakuna wa kumlazimisha.

9. Siku 14 zinazofuata

Kwa korona, dalili huonekana mara nyingi ndani ya siku sita za kwanza, na huweza kuchelewa hadi siku 14. Kwa ugonjwa mwingine fuata hesabu uliyopewa kituoni. Kiongozi wa kila fungu awapigie watu wake siku ya tatu, ya saba na ya 14. Swali liwe fupi: "Mwili unasemaje, na nyumbani?" Hilo la nyumbani usilisahau, kwa sababu kijana anaweza kuwa mzima kabisa huku bibi yake anakohoa.

Mmoja akiumwa, mwambie wewe mwenyewe mhudumu wa afya, kisha fungu lake lote likae nyumbani. Jina lake lisitajwe kwenye ujumbe wa kikundi. Sema tu, "Fungu la tatu, tupimwe." Mpelekeeni chakula mlangoni na mchango wa dawa, kama tunavyofanya mtu akifiwa.

Siku ya 15, au hesabu uliyopewa kituoni ikiisha, kama simu zote zimejibu vizuri, chana ukurasa ule, uchome mbele ya viongozi wa mafungu, halafu andika tarehe ya mechi inayofuata juu ya ukurasa mpya.